Wimbo Una Mwenyewe

(Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni mbele ya wapiga gitaa na wapenzi wa muziki. Waliokosa nafasi ya kuja wameomba niiweke yote, nami nimeiandika kama nilivyoisema. Pale nilipopiga gitaa au kuweka wimbo, nimeeleza kwa maneno.)

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, nanyi vijana mliokuja na magitaa mgongoni, habari za jioni. Asanteni kwa kuja.

Hii niliyoishika ni CD. Inaitwa Chulahoma, ilitoka mwaka 2006, na ndani yake mna nyimbo sita. Waliozipiga ni Wamarekani wawili: Dan Auerbach, gitaa na sauti, na Patrick Carney, ngoma. Wanajiita The Black Keys. Lakini someni kava. Chini ya jina la albamu pameandikwa kwamba hizi ni nyimbo za Junior Kimbrough. Na wimbo wa sita ukiisha, usizime. Inaingia sauti ya mwanamke mtu mzima, na mkwaruzo wa simu nyuma yake. Haimbi. Anaongea. Ni ujumbe alioacha kwenye simu.

Mara ya kwanza kuusikia nilikuwa jikoni naosha vyombo. Nilidhani ni redio ya jirani. Nikafuta mikono, nikasogea, nikarudisha nyuma. Nikausikiliza mara tatu nimesimama, na bomba nimelisahau wazi. Mama huyu ni nani? Na kwa nini vijana wale wamempa yeye neno la mwisho katika kazi yao wenyewe?

Ndugu zangu, swali hilo ndilo lililonileta hapa leo. Lakini vijana wale tuwaweke kando kidogo, tuanze na mwenye nyimbo.

David Kimbrough, aliyejulikana kwa jina la Junior, alizaliwa tarehe 28 Julai 1930 huko Hudsonville, karibu na mji wa Holly Springs, kaskazini mwa jimbo la Mississippi. Watu wakisikia Mississippi na blues, muziki wa Wamarekani weusi wa kusini, akili inakimbilia Delta: tambarare, mashamba makubwa ya pamba, mto mkubwa. Junior hakutoka tambarare. Alitoka mashariki yake, vilimani, kwenye mashamba madogo madogo. Na huko vilimani watu walikuwa na muziki wao. Walikuwa na filimbi ya mwanzi na ngoma, wakipiga nje kwenye karamu, mbuzi anachomwa, watu wanacheza vumbi linapanda. Mzee Otha Turner aliushikilia muziki huo hadi alipofariki mwaka 2003. Huyo naye mtafuteni mkirudi nyumbani. Sikilizeni filimbi yake na ngoma zake, halafu rudini kwenye gitaa la Junior. Mtasikia damu moja.

Naomba gitaa. Asante.

(Hapa nilichukua gitaa.)

Blues tuliyoizoea wengi wetu inakwenda hivi. Mkono wa kushoto unahamia sehemu tatu kwenye shingo ya gitaa, unahesabu hadi 12, unarudi mwanzo. Mnaijua. Hata aliyeanza gitaa mwezi uliopita anaijua. Sasa sikilizeni blues ya vilimani. Mkono wa kushoto umekaa. Hauhami. Kidole gumba cha kulia ndicho kinachofanya kazi, kinagonga nyuzi nene, kinagonga, kinagonga, hakichoki, na juu yake vidole vingine vinachomoa sauti nyembamba inayokwenda sambamba na mwimbaji. Dakika mbili zinapita, hakuna kilichobadilika. Dakika nne. Msikilizaji aliyekaa kwenye kiti anasema, mbona ni kile kile? Aliyesimama anacheza hasemi hivyo. Aliyesimama ameshasahau saa.

Junior alipiga hivyo kwa sababu alipigia watu wanaocheza. Kila Jumapili usiku watu walikusanyika kwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alifungua kilabu chake pale Chulahoma, kijiji ambacho jina lake mmeliona kwenye kava. Nasema kilabu, na ninyi mnanielewa: kilabu cha kijijini, mahali pa kinywaji na ngoma, ambapo mwenye nyumba ndiye mpigaji na wanawe ndio bendi. Mwanawe Kinney alikuwa kwenye ngoma. Kwenye besi alikuwa Garry Burnside, mtoto wa R.L. Burnside, jirani na fundi mwingine mkubwa wa vilima hivyo. Hao ndio aliorekodi nao.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 1966 Junior alikwenda Memphis kurekodi. Alikuwa na miaka 36, mkono umeshakomaa. Akarekodi. Mwenye kampuni akasikiliza, akaona muziki ule umezidi ushamba, akauweka kabatini. Ulikaa huko kwa zaidi ya miaka 40. Ulipotolewa, mwaka 2009, Junior alikuwa kaburini miaka 11.

Mwaka 1967 kampuni nyingine ndogo ikamtolea santuri, wimbo mmoja kila upande. Unajua kilichoandikwa kwenye lebo? Junior Kimbell. Kimbell! Mtu ana miaka 37, ndiyo kwanza santuri yake inatoka, na jina lililoandikwa si lake. Hata jina la wimbo lilikosewa: badala ya Tramp wakaandika Tram. Hebu fikiri umeipokea santuri hiyo mkononi. Umeisubiri maisha yako yote. Unaigeuza kwenye mwanga usome jina lako, na jina lako halipo.

Albamu yake ya kwanza, All Night Long, ilitoka mwaka 1992. Aliyeisimamia ni Robert Palmer, mwandishi wa muziki aliyewapenda wazee hawa kwa dhati, na iliyoitoa ni Fat Possum, kampuni changa ya huko huko Mississippi. Junior alikuwa ameshafika miaka 60 na ushei. Akapata miaka mitano, sita hivi ya kujulikana. Tarehe 17 Januari 1998 akafariki. Mwezi wa Aprili mwaka 2000 kilabu kikaungua, kikaisha. Leo ukifika Chulahoma humkuti Junior wala paa alilopigia.

Kwenye jiwe la kaburi lake kumechongwa maneno ya Charlie Feathers, mwimbaji Mzungu wa rokabili, yaani rock ya mwanzo iliyochanganywa na country, aliyefundishwa gitaa na Junior. Maneno yanasema kwamba Junior ni mwanzo na mwisho wa muziki wote. Feathers alijua aliyemfundisha, na alimtaja.

Haya. Sasa twendeni Ohio.

Akron ni mji wa viwanda vya matairi ya magari. Goodyear wako pale, Firestone walikuwa pale. Viwanda vilipoanza kufunga, mji ukabaki na majengo makubwa matupu. Dan na Patrick walikulia humo. Walianza bendi mwaka 2001, watu wawili tu, na albamu ya kwanza waliirekodi kwenye chumba cha chini cha nyumba aliyokuwa akiishi Patrick. Albamu ya tatu waliirekodi ndani ya kiwanda cha matairi kilichoachwa, wakaiita Rubber Factory, kiwanda cha mpira. Ilitoka mwaka 2004.

Vijana wa bendi mara nyingi huniuliza: inawezekanaje bendi ya watu wawili? Besi iko wapi? Jibu nimeshawapigia dakika chache zilizopita. Besi iko kwenye kidole gumba. R.L. Burnside alizunguka miaka mingi na magitaa mawili na ngoma, bila besi, na hakuna aliyelalamika kwamba sakafu haitetemeki. Dan alijifunza humo. Aliacha chuo, akajifungia na santuri za wazee wa vilimani, na Junior zaidi ya wote. Na jambo hili lilionekana tangu siku ya kwanza. Albamu yao ya kwanza, mwaka 2002, ina wimbo wa Junior. Ya pili, mwaka 2003, ina mwingine. Mwaka 2006 wakaacha kudokoa, wakamtengea meza nzima.

Mwaka huo waliipiga Chulahoma, na ndiyo ikawa kazi yao ya mwisho kwa Fat Possum, kampuni ile ile iliyomtoa Junior, kabla hawajahamia kampuni kubwa. Mtu anayehama nyumba, kitu cha mwisho anachokifanya kabla ya kufunga mlango kinatuonyesha alikuwa anamheshimu nani. Wangeweza kutoa mabaki ya studio wakaondoka. Wao wakaenda kumuaga mzee.

(Hapa niliweka wimbo wa Meet Me in the City, kwanza alivyoupiga Junior, kisha walivyoupiga The Black Keys.)

Mmesikia? Niambieni ukweli, mmesikia? Dan hakuigiza sauti ya Junior. Kijana wa Ohio angejaribu kuimba kama mzee wa Holly Springs, angemdhalilisha mzee na angejidhalilisha yeye. Ameimba kwa sauti yake. Alichochukua ni ule mwendo, lile gumba, ule uvumilivu wa kukaa mahali pamoja bila kukimbilia popote. Patrick naye kwenye ngoma haonyeshi ufundi. Anakaa. Vijana wa ngoma mliopo hapa, kazi ngumu kuliko zote ni kukaa.

Kwenye bendi zetu tuna neno, kukopi. Fulani anakopi vizuri. Kukopi ni shule, nimepita, mmepita, hakuna fundi ambaye hakupita. Ila shuleni kuna mwalimu, na mwalimu ana jina.

Nitawaambia kilichonipata. Nilikuwa kijana, tunapiga usiku kwenye ukumbi mmoja, na tulikuwa na wimbo mmoja wa zamani ambao watu waliupenda kuliko zote. Tulibadilisha maneno mawili matatu, tukauita wetu. Mshereheshaji alitutangaza hivyo, nasi tukainamisha vichwa kupokea makofi. Usiku mmoja, wakati wa mapumziko, alinifuata mzee aliyekuwa amekaa peke yake na soda. Akaniuliza, mwanangu, wimbo ule wa nani? Nikasema, wetu, baba. Akanitazama. Akanitajia jina la aliyeutunga. Akanitajia mtaa aliokuwa akiishi. Akanitajia na makaburi alikozikwa, na kwamba walimzika mvua inanyesha. Hakugomba. Alimalizia soda yake, akaweka chupa taratibu juu ya meza, akaondoka. Nilirudi jukwaani mikono inatetemeka, na wimbo ule sikuweza tena kuupiga bila kumtaja mtu yule.

Wimbo una mwenyewe, ndugu zangu. Hata akifa, una mwenyewe. Hata ukiubadilisha maneno, una mwenyewe.

Wala hili si la bendi ndogo za ukumbini tu. Mnalijua kundi la Led Zeppelin, wale wapiga rock wa Uingereza. Mwaka 1969 walitoa Whole Lotta Love, dunia ikawaka. Ndani ya wimbo ule mlikuwa na maneno ya Willie Dixon, mtunzi wa blues, kutoka kwenye wimbo wa You Need Love alioutunga yeye na kurekodiwa na mwimbaji Muddy Waters mwaka 1962. Jina la Dixon halikuandikwa. Ikabidi mzee aende mahakamani mwaka 1985, miaka 16 baadaye, na mwaka 1987 wakamalizana nje ya mahakama. Leo jina lake lipo. Lakini kwa nini mtunzi adai jina lake kwa wakili? Kwa nini lisiandikwe siku ya kwanza?

Jina kwenye kava halikai pale kama pambo. Jina likiandikwa kwamba mtunzi ni fulani, mirabaha inajua njia ya kwenda. Inakwenda kwake, na akifa inakwenda kwa mkewe na wanawe. Jina likifutwa, pesa inapotea njia, na watoto wa fundi wanausikia wimbo wa baba yao kwenye redio ya duka wakiwa wamekwenda kukopa sukari.

Najua kuna mmoja wenu ana swali kooni. Naliona. Wazungu wawili wa kaskazini wamejenga jina kwa muziki wa mzee mweusi wa kusini. Hiyo ni heshima, au ni biashara?

Swali ni halali, na sitalipita pembeni. Blues imeuzwa sana na watu ambao hawakuilipia. Na hakuna albamu ya heshima itakayorudisha ile miaka tangu kabati la Memphis hadi All Night Long. Kitu hicho kimekwenda. Junior mwenyewe hakuisikia Chulahoma. Alikuwa amekufa miaka minane. Kwa hiyo sisemi kwamba deni limelipwa.

Ninachosema ni hiki. Tazameni walifanya lini, na walifanya vipi. Mwaka 2006 The Black Keys hawakuwa matajiri. Umaarufu wa kujaza viwanja uliwajia baadaye, na albamu za Brothers mwaka 2010 na El Camino mwaka 2011. Walimtaja Junior wakati kumtaja hakuwaletei chochote. Kisha, walipopata kila kitu, wakarudi tena. Mtu akikusalimu akiwa hana kitu, subiri. Akikusalimu tena akiwa nacho, hapo salamu yake imetimia.

Kurudi kwao ndiko kulikoniridhisha. Mwezi wa Desemba mwaka 2019, wakiwa Nashville kwenye studio ya Dan, waliwaita watu wawili. Mmoja ni Kenny Brown, aliyepiga gitaa pembeni ya R.L. Burnside kwa miongo. Wa pili ni Eric Deaton, mpiga besi aliyewahi kupiga na Junior mwenyewe. Wakaketi pamoja chumbani, wakapiga kwa saa kama kumi, mchana wa siku mbili. Basi. Hivyo tu. Ikatoka albamu ya nyimbo 11 inayoitwa Delta Kream, tarehe 14 Mei 2021, na kati ya hizo 11, tano ni za Junior.

Mnaliona jambo lenyewe? Miaka ishirini wanapiga muziki huu, wamejaza kumbi za dunia, na bado hawakusema sasa tunaujua. Walimwita aliyekaa na mzee. Walimwita aliyeuona mkono wa mzee kwa macho yake, aliyekanyaga ile sakafu kabla haijaungua. Sikilizeni gitaa la Kenny Brown kwenye albamu ile, linavyoteleza juu ya nyuzi kwa kile kipande cha kuburuzia. Dan ndiye mwenye studio, ndiye mwenye jina kwenye kava, lakini kuna mahali anapunguza gitaa lake kabisa ili Brown apite. Anampisha, kama unavyompisha mkubwa mlangoni.

Hilo ndilo ninalowaomba vijana wa hapa. Mnapochukua wimbo wa zamani, mtafuteni aliye hai aliyekuwa pale. Aliyepiga ngoma siku ile. Aliyebeba spika. Mwenye kibanda cha jirani. Kaeni naye. Mpeni chai. Mwambieni, tunataka kupiga hivi, je, ndivyo ilivyokuwa? Atawaambia kitu ambacho hakimo kwenye rekodi. Na siku ya kupiga mwekeeni kiti mbele.

Sasa narudi jikoni kwangu, kwenye ile sauti ya simu.

Yule mama ni mjane wa Junior. Alitumiwa nyimbo zile, akazisikiliza, akapiga simu. Kwa maneno yake mwenyewe anawaambia vijana wale kwamba amezipenda, kwamba anajivunia wanachokifanya, na kwamba hao ndio wanaoupiga muziki wa Junior kama Junior. Fikirini. Mwanamke aliyeisikia mikono ile mwaka baada ya mwaka, Jumapili baada ya Jumapili, aliyeisikia ikigonga nyuzi ndani ya nyumba yake. Kuna mhakiki gani wa gazeti, kuna tuzo gani inayoweza kusema zaidi ya hapo?

Na vijana wale walijua. Walijua kwamba simu ile ni kubwa kuliko nyimbo zao sita. Wakaiacha kama ilivyo, na mikwaruzo yake, wakaiweka mwisho, baada yao, isifuatwe na chochote.

Nitaiweka sasa. Haizidi dakika moja. Anaongea Kiingereza cha Mississippi, cha taratibu, na asiyekielewa asiwe na wasiwasi, asikilize tu anavyolitamka jina la mumewe. Naomba feni zizimwe kidogo. Fundi mitambo, namba saba.

(Tulisikiliza. Kisha mzee mmoja wa safu ya mbele akasema, rudisha. Tukarudisha.)